Kabla ramani haijapelekwa kaunti, tuulizeni sisi wenye funguo

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa mabomba katika chuo kimoja kilicho kati ya Barabara ya Ngong na Lang'ata, hapa Nairobi. Niliajiriwa Februari 1999, nikiwa mwanamke wa pekee katika idara ya matengenezo, na wanafunzi wengi hawalijui jina langu kwa kuwa huniita Mama Maji. Naomba jina langu na la chuo yasichapishwe. Bado nalisha watoto kwa kazi hiyo, na sina nia ya kumwaibisha mtu.

Wiki tatu zilizopita tuliitwa ukumbini kuonyeshwa picha za jengo jipya ambalo chuo kinapanga kulijenga. Ni orofa tano za madarasa, maabara na maktaba, na linaitwa jengo la kijani kwa sababu litatumia stima ya jua, maji ya mvua na hewa ya kawaida. Nilifurahi. Kwa miaka mingi nimeomba mambo hayo hayo kwa barua za ukurasa mmoja ambazo zilirudi na muhuri tu. Picha zilikuwa nzuri: vioo kutoka chini hadi juu upande unaotazama barabara, mimea ikining'inia kwenye roshani, wanafunzi wameketi nyasini.

Nafasi ya maswali ilipofika, niliuliza mawili. Chumba cha pampu kiko wapi? Na mtu wa kusafisha gata za paa atapandia wapi? Msanifu majengo, kijana mwenye adabu sana, akanijibu, "Mama, hayo ni ya hatua ya baadaye." Kikao kikaendelea na rangi ya vioo.

Hatua hiyo ya baadaye naijua vizuri. Ikifika, ukuta umeshasimama, bomba limeshafukiwa chini ya simiti, pesa za mradi zimekwisha, na kinachobaki ni mimi kuitwa na nyundo. Ndiyo maana naandika sasa, ramani ikiwa bado ni karatasi.

Niruhusu, Mhariri, nianze na jengo tulilo nalo tayari. Lilifunguliwa 2013, nalo pia lilisifiwa kuwa rafiki wa mazingira. Koki zake zilikuwa za kujifungua zenyewe ukitia mkono. Kila koki ilikuwa na betri na vali ndogo ya umeme ndani yake. Betri zilipoanza kuisha zilikwisha zote kwa mwezi mmoja, na vali ilipoharibika haikupatikana River Road wala Eneo la Viwandani. Iliagizwa ng'ambo, tukaingoja miezi minne. Wanafunzi wakaanza kunawa kwa maji ya mitungi. Mwaka wa tatu nilikuwa nimeng'oa karibu koki zote nikaweka zile za kubonyeza, zinazojifunga kwa springi. Washa yake, ile ya mpira, naipata kwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, na naibadilisha kwa dakika kumi. Maji zinaokoa vilevile.

Jengo hilo lilikuwa na mtambo wa kuchuja maji ya sinki ili yatumike tena vyooni. Wazo zuri kabisa, na nitalitetea popote. Lakini tangi lake liliwekwa chini ya ngazi, na mfuniko ukafanywa mdogo kiasi kwamba mtu mzima hawezi kuingia kulichota tope. Aliyechora hakuwahi kuchota tope. Mwaka wa pili harufu ilipanda hadi madarasani, malalamiko yakafika juu, na amri ikaja kwamba vyoo viunganishwe moja kwa moja na maji ya kaunti. Nilifunga vali mwenyewe, Oktoba 2015. Haijafunguliwa tangu siku hiyo. Kila nipitapo hapo huona mamilioni ya shilingi yaliyoshindwa kwa sababu ya mfuniko.

Katika bweni la wasichana kuna vyombo vya sola vya kuchemsha maji. Vinafanya kazi, maji huwa moto kweli. Ila tangi liliwekwa ncha moja ya paa na bafu ziko ncha nyingine, umbali wa mita 60 za bomba la inchi moja. Bomba la namna hiyo hushika karibu nusu lita kwa kila mita. Maana yake ni kwamba msichana anayetangulia kuoga alfajiri humwaga lita 30 za maji baridi, ndoo moja na nusu, kabla ya moto kumfikia. Bafu ziko kwenye mabomba manne yanayojitegemea. Piga hesabu ya muhula mzima. Maji yale yametoka Ndakaini, Murang'a, kwenye bwawa la mita za ujazo milioni 70 linalotegemewa na sehemu kubwa ya jiji hili, yamesafishwa kwa dawa na kusafirishwa hadi kwetu, nasi twayapeleka kwenye chemba hayajagusa hata kidole. Kama tangi lingechorwa katikati ya paa, haya yote yasingekuwepo, na mkandarasi asingedai shilingi moja zaidi.

Sasa nije kwenye mvua, maana hapo ndipo kamati ya mradi ilipoonekana kuwa na uhakika mwingi na hesabu chache.

Tangu 2011 nina kipimo cha mvua nilichokifunga kwenye nguzo nyuma ya stoo. Hukisoma saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma watu wa idara ya hali ya hewa, na kuandika kwenye daftari. Nimezaliwa Ukambani, ambako mtoto hujifunza mapema kwamba mvua ni kitu cha kuhesabiwa. Kanuni yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja ya maji. Paa la jengo jipya tumeambiwa litakuwa mita mraba 900. Mvua ya alasiri moja ya Aprili ikiwa milimita 30, na si ajabu kwa Nairobi, paa hilo litateremsha lita 27,000. Ramani inaonyesha matangi mawili ya lita 10,000 kila moja. Mvua moja tu, na lita 7,000 zimemwagika. Kesho yake ikinyesha tena, zote zinamwagika.

Nairobi hupata kama milimita 900 kwa mwaka, kwa vipindi viwili: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba. Ukitoa yale yanayopotea kwa kuvuja, kufurika na kuosha paa, lita 650,000 ni makadirio ya kweli. Namba hiyo inapendeza, nami niliona jinsi ilivyowapendeza waliokuwa ukumbini mtu alipotaja "maelfu ya lita". Basi tuipeleke chooni. Jengo la wanafunzi 600, kila mmoja akivuta maji mara mbili kwa siku. Kama matangi ya vyoo ni yale ya zamani ya lita 9, mvua ya mwaka mzima itatosha siku 60. Kama ni ya lita 6, siku 90. Kama ni yale yenye vibonyezo viwili, lita 3 na lita 6, na wastani ukawa lita 4, siku 135. Paa ni lile lile, mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni kifaa ambacho kamati ilisema kitachaguliwa na mkandarasi kulingana na bei.

Hesabu hiyo yafaa kufanywa kwanza, kabla ya kununua tangi hata moja. Halafu lifuate tangi lenyewe. Kati ya Juni na Septemba hapa kwetu ni ukungu na baridi tu, mvua ya maana hakuna. Tangi linalofaa ni lile linaloweza kubeba sehemu nzuri ya miezi hiyo, si lile linalopendeza kwenye picha. Tangi la mawe na simiti lililochimbwa chini ya maegesho, urefu mita 10, upana 8, kina mita 2 na nusu, linashika lita 200,000. Mfuniko wake uwe mkubwa wa kumpitisha fundi na ndoo yake, na sakafu iteremke kidogo upande mmoja ili tope lijikusanye. Na maji ya kwanza baada ya kiangazi, yenye vumbi na mavi ya ndege, yawe na bomba lake la kuyamwaga kando kabla mengine hayajaingia. Hiki ni kipande cha bomba chenye kizibo chini, hata shilingi elfu tano hakifiki, na sikukiona kwenye mchoro.

Nimeulizwa na mwenzangu wa stoo kwa nini najisumbua, kwa kuwa jengo litapata cheti. Sina ugomvi na cheti. Kile cha EDGE, cha majengo ya kijani, kinataka jengo lionyeshe kwamba litaokoa walau asilimia 20 ya kawi, asilimia 20 ya maji na kiasi kama hicho katika utengenezaji wa vifaa vya ujenzi, na hicho ni kipimo chenye maana. Ninachotaka ni kwamba mita zisomwe pia mwaka wa tano, watu wakiwa wamesahau sherehe ya ufunguzi. Mita ndogo kila orofa, na mtu mwenye kalamu. Hivi sasa chuo kizima kina mita moja ya maji langoni, na bili ikipanda hatujui ni jikoni, ni bwenini au ni bomba lililopasuka chini ya uwanja.

Kuhusu jua nitasema kile ambacho macho yangu yameona. Nairobi iko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita karibu utosini mwaka mzima, Juni likiegemea kaskazini kidogo na Disemba kusini. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini hulindwa na kibaraza cha upana wa kawaida. Ukuta wa magharibi haulindiki hivyo, kwa sababu jua la alasiri huja chini, moja kwa moja machoni. Tuna chumba cha mihadhara kinachotazama magharibi. Ikifika saa tisa Februari, wanafunzi huhamia wote upande mmoja wa chumba, na vioo vimebandikwa magazeti, likiwemo hili lako. Wanasoma taa zikiwaka mchana kweupe kwa sababu dirisha limezibwa na gazeti.

Jengo jipya limelazwa vivyo hivyo. Upande mrefu wa vioo unatazama magharibi, ili jengo lionekane vizuri na wanaopita barabarani. Nilipouliza joto litatoka vipi, niliambiwa kuna bajeti ya mashine za kupoza hewa katika maktaba. Mhariri, jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Julai tunavaa makoti. Mtu akihitaji mashine ya kupoza hewa Nairobi, jengo lake ndilo linalompa joto. Kuligeuza jengo kwenye karatasi, ncha zake fupi zielekee mashariki na magharibi, ni kazi ya wiki moja kwa mchoraji. Kuligeuza likishajengwa haiwezekani kwa pesa yoyote.

Wala si lazima tuende mbali kujifunza. Ofisi za UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kule Gigiri, zilizofunguliwa Machi 2011, zilipangwa kwa mabawa yenye uwazi katikati, mwanga na hewa vinapita vyenyewe, na paneli za kilowati 515 juu ya paa. Niliwahi kuingia humo na kundi la mafundi, nikatembea kutoka ncha hadi ncha bila kusikia mashine ya hewa ikinguruma. Chuo Kikuu cha Strathmore, pale Madaraka, kilifunga sola ya kilowati 600 kwenye paa zake mwaka 2014. Na hapa hapa Lang'ata, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, maktaba yao kubwa ina ukumbi ambao hewa yake hupitishwa kwanza katika mawe yaliyotandazwa chini, ikapoa, ndipo ikaingia walipo watu. Mawe! Kamati yetu inaweza kupanda matatu ikafika huko kabla ya chai ya saa nne.

Mawe yananikumbusha kuta. Jengo letu la zamani kabisa limejengwa kwa mawe ya Ndarugo, kuta nene, dari juu, veranda mbele. Julai huwa na joto kuliko mengine na Februari huwa na ubaridi. Machimbo yako Juja. Vioo na alumini vya jengo jipya vitasafirishwa kwa meli, kisha kwa lori kutoka Mombasa. Sisemi zaidi ya hapo, si fani yangu.

Stima ya jua ni karibu na fani yangu, kwa sababu pampu zangu huitegemea. Tarehe 25 Agosti 2023, Ijumaa usiku kabla ya saa nne, nchi karibu yote ilizimika. Nilikuwa zamu. Asubuhi ya Jumamosi jua lilitoka, na juu ya jengo la 2013 paneli zetu zilikuwa zimeoga mwanga, lakini ndani hakukuwaka hata balbu moja. Wanafunzi walinijia wakiwa wamekasirika, wakidhani kuna mtu ameficha ufunguo. Nilipiga simu kwa fundi wa stima, naye akanieleza jambo ambalo hakuna aliyetueleza siku ya kufungua: inveta tuliyofungiwa, yaani kifaa cha kugeuza stima ya paneli iwe ya kutumika kwenye balbu na pampu, ni ile inayofuata stima ya gridi ya taifa, na gridi ikizima nayo hujizima, ili isimpige shoti fundi anayerekebisha nyaya njiani. Ni sawa kwa usalama wake. Ila ukitaka sola ikufae wakati wa giza, lazima upange tangu mwanzo inveta ya aina nyingine, na betri japo za mizigo michache ya lazima: pampu, taa za ngazi, friji ya dawa za zahanati.

Siku hiyo ni jengo moja tu lililokuwa na maji. Ni lile la mawe ya Ndarugo, kwa sababu tangi lake liko juu ya mnara wa mawe uliojengwa na watu wa kale waliojua kwamba maji hushuka. Kila mita kumi za kimo hukupa shinikizo la baa moja, bure, mchana na usiku. Jengo jipya halina tangi la juu. Limepangiwa pampu za kusukuma maji muda wote kutoka chini, na wamesema tangi la juu litaharibu sura ya paa. Nawasihi, na sijui neno lenye nguvu kuliko hilo, waliweke tangi juu.

Kuna jambo la ardhi, nalo ndilo linaloninyima usingizi zaidi.

Eneo lililochaguliwa ni uwanja wa chini na kichaka cha mikinduri kando yake. Niliihesabu miti hiyo Jumapili baada ya kanisa: ni 37. Wanafunzi husomea chini yake, na wahudumu wa usafi hulia hapo chakula cha mchana. Udongo wa uwanja huo ni ule mweusi, mzito. Ukilowa hufura, ukikauka hupasuka hadi mkono unaingia. Nimeukarabati kwa miaka 26: kila Oktoba mvua ikirudi, udongo husogea na mabomba hukatika kwenye maungio. Kujenga orofa tano hapo kwa kawaida hutaka udongo wote uchimbwe hadi mwamba, ubebwe na malori, na kifusi kingine kiletwe. Dizeli hiyo yote haikuandikwa popote kwenye karatasi yenye neno kijani.

Na kuna Aprili 2024. Kila Mnairobi anaikumbuka. Siku zile maji ya kutoka juu, kutoka maegesho na paa za majirani wetu, yalijaa uwanjani yakasimama siku nne. Tulilalamika kwamba timu ya kandanda haina pa kuchezea. Lakini baadaye nilifikiria: maji yale yangekwenda wapi? Mtaro wetu unateremka kuelekea Bwawa la Nairobi, na kutoka hapo ni Mto Ngong, na Mto Ngong unapita Mukuru. Dada yangu mdogo alikuwa akiishi Mukuru wakati huo. Alitoka nyumbani usiku maji yakiwa magotini, mtoto mgongoni, sufuria moja mkononi, na hakuwahi kurudi kwenye chumba kile. Kila lita iliyosimama kwenye uwanja wetu siku nne ni lita ambayo haikumfuata usiku ule. Tukiufunika uwanja kwa jengo, simiti na maegesho, tutakuwa tumeipeleka mvua yetu kwa watu walio chini yetu, kisha tutundike cheti ukutani.

Tuna mahali pengine. Karibu na lango kuu kuna maegesho ya zamani ya murram na stoo tatu zisizotumika, juu, penye udongo mwekundu na mwamba karibu. Hakuna mti hata mmoja wa kukatwa. Nimeambiwa pesa za kubomoa stoo hazikutengwa. Mwaka 2020 jiji hili lilipisha barabara kwa ajili ya mugumo mmoja pale Waiyaki Way, mti wa umri wa karne moja hivi, watu wakaupigania hadi amri ya Rais ikatoka. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama dhidi ya jumba la orofa 60 lililotaka kuimeza bustani ya Uhuru, na bustani ikabaki. Sisi tunaombwa kusogea mita 300 ndani ya ua wetu wenyewe.

Sheria pia iko upande wa kuuliza. Katiba ya 2010, kipengele cha 69, inataka umma uhimizwe kushiriki katika utunzaji wa mazingira, na sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari za mradi zichunguzwe kabla ya kuanza. Kanuni mpya za ujenzi zilianza kutumika Machi 2025 badala ya zile za 1968. Karatasi zote hizo zitajazwa, najua. Ila fomu ya maoni ya wafanyakazi ililetwa kwetu Ijumaa saa kumi jioni, kwa Kiingereza, itakiwe Jumatatu asubuhi. Mhudumu wa usafi wa orofa ya tatu, ambaye anajua kuliko daktari yeyote wa falsafa ni choo kipi huziba na ni dirisha lipi halifunguki, aliniletea nimsomee. Tulikaa ngazini. Kila swali liliuliza kama "ameridhika". Hakuna lililomuuliza anatekea wapi maji ya kupiga deki.

Jikoni nitapita haraka, ingawa panahitaji barua yake. Tunapika maharagwe na githeri kwa kuni, sufuria kubwa wazi, saa nne za moto kila siku. Jengo la kijani likisimama kando ya moshi huo, wapishi wetu wataendelea kukohoa. Kuloweka maharagwe usiku kucha na kununua majiko yenye kuhifadhi joto kungeanza mwezi huu, bila ramani wala msanifu.

Sipingi mradi. Nimeandika haya kwa kuwa naupenda na nataka niuone ukifanya kazi kabla sijastaafu, na nimebakisha miaka minane. Ombi langu ni moja. Ramani isipelekwe kaunti kabla kamati haijaketi siku nzima na watu wanaobeba funguo za majengo: fundi wa stima, wapishi, mlinzi wa usiku, wahudumu wa usafi, nami. Tupitie kila bomba, kila mfuniko, kila ngazi ya paa. Kila kifaa kitakachochaguliwa, tuulizane kipuri chake kinauzwa wapi Nairobi. Na pesa za kulitunza jengo zitengwe kwenye bajeti ile ile ya kulijenga, zisiombwe baadaye kwa barua ya ukurasa mmoja.

Kamati inakutana tena Alhamisi ijayo saa nane mchana. Nimebadilishana zamu na mwenzangu ili nifike. Nitakuja na daftari langu la mvua, koki mbili, ya betri na ya kubonyeza, na yule mhudumu wa orofa ya tatu. Amekubali kuja, mradi nimkalie karibu.

Fundi wa Mabomba,
Lang'ata, Nairobi